Harusi Iliyokatazwa Kusimuliwa

Nianze na mtani wangu, maana bila yeye nisingekuwa na kompyuta, na bila yeye pia nisingeingia kwenye balaa lile. Yeye ni Myao, fundi wa kompyuta na simu, ana kibanda chake karibu na stendi ya Ruangwa. Mimi ni Mmwera wa Nachingwea, kazi yangu kupiga picha na kurekodi video za sherehe: harusi, kipaimara, maulidi, watoto wakitoka jandoni. Kwa kuwa makabila yetu yanataniana, tangu tujuane hatujawahi kuongea kama watu wenye akili timamu. Alipokuja kwenye msiba wa shangazi yangu alijilaza katikati ya mkeka wa waliofiwa, akatangaza kwamba hainuki mpaka apewe kuku. Tukampa. Ndivyo mambo yalivyo kwetu: mtani hakasirikiwi, analipizwa tu.

Kompyuta yangu aliniwekea yeye. Kiingereza changu ni cha kuombea maji, kwa hiyo akaiweka yote kwa Kiswahili, nikamshukuru sana. Sikujua kwamba ndani yake ameniachia na maneno yake. Siku ya kwanza nimeiwasha nyumbani, nimekaa vizuri na chai yangu, kikatokea kijisanduku katikati ya kioo: "Mmwera, umenawa mikono?" Wiki iliyofuata kikatokea kingine: "Mashine imechoka. Mwenye mashine amechoka zaidi. Endelea au Acha?" Nilicheka peke yangu mpaka jirani akachungulia. Nami sikulala. Nilimtumia kifurushi kwa basi, nimekifunga kwa gundi na kuandika juu yake kwamba ni korosho za daraja la kwanza. Akakifungua mbele ya wateja, akakuta maganda matupu.

Hivyo ndivyo tulivyoishi, na ninaona tuliishi vizuri.

Sasa, video zinakula nafasi. Harusi moja tu ya watu wenye ndugu wengi inajaza diski, na kwetu hakuna asiye na ndugu wengi. Msimu wa ufuta uliopita nilikuwa sina tena mahali pa kuweka kazi zangu, na nikawa nahitaji bakapu, yaani pa kutunzia nakala. Nikaenda kwenye mnada wa vitu vya ofisi moja iliyofunga shughuli zake. Katikati ya meza na viti vilivyovunjika mguu nikakiona: kisanduku cheusi cha chuma, kizito kama tofali, kina diski mbili ndani na taa za kijani mbele. Muuzaji akaniambia, "Mama, humu unahifadhi mpaka ndoto zako." Nikakipenda hapo hapo. Nilikibeba mapajani njia nzima kurudi nyumbani na kila aliyeniuliza nilimweleza.

Mtani peke yake sikumwambia. Nilijua angesema nimeuziwa jiko.

Siku hizo hizo akanipigia simu mzee mmoja wa Nambambo. Mzee huyu ni mkulima, ana binti wa mwisho ambaye ni mwalimu Ruangwa, na binti alikuwa anafunga ndoa huko huko, kanisani kwao. Siku chache kabla ya harusi mzee alianguka na baiskeli iliyopakia gunia la ufuta. Baiskeli ikapona, ufuta ukapona, mguu wake ukavunjika. Hospitali ya misheni wakamfunga hogo, ile plasta ngumu, kuanzia pajani hadi kisiginoni na kumwambia barabara asiisikie hata kwa jina. Watoto wakataka kuahirisha. Mzee akakataa, akasema padri ameshatangaza ndoa mara tatu na yeye hawezi kumfanya padri mwongo.

"Shikamoo baba," nikamwambia kwenye simu.

"Marahaba. Ni wewe unayechukua picha za harusi ya mwanangu?"

"Ni mimi, baba."

"Sikiliza. Keki sijui, maua sijui, hayo chukua ukipenda. Mimi nataka nimsikie mwanangu akisema ndiyo mbele ya padri. Hilo tu. Hilo usinikosee."

"Sitakukosea, baba."

"Na usije ukanisimulia. Mtu yeyote asinisimulie. Nataka nikiangalia iwe kama na mimi nilikuwepo. Hadithi ukishaambiwa mwisho wake, unasinzia."

Nikacheka, nikidhani ni mzaha wa mgonjwa. Kumbe mzee ametoa amri.

Harusi yenyewe ilikuwa tamu. Hapa niseme jambo moja la kazi: maikrofoni ya kamera yangu ilikufa kwa mvua kwenye maulidi fulani, kwa hiyo sauti nainasa kwa kinasa sauti kidogo ninachokiweka pembeni, halafu naziunganisha picha na sauti kwenye kompyuta. Nikakiweka karibu na altare, nikajipanga. Bwana harusi alikuwa na hofu hata akaitikia "ndiyo" kabla padri hajamaliza kumuuliza, ikabidi aulizwe upya. Zamu ya bibi harusi ilipofika, naye akasahau kama yuko kanisani. Aliitikia "Ndiyo!" kwa ile sauti yake ya kufundishia darasa lililojaa hadi dirishani. Kanisa zima likaangua kicheko, padri akageukia ukutani mabega yanamtikisika. Nikasema moyoni, mzee wangu, hii utaipenda.

Watu wa Nambambo walirudi kwao kwenye Fuso, kila mmoja amebeba harusi nzima kifuani, na kila mmoja anataka awe wa kwanza kuishusha. Wakamkuta mzee kakaa barazani, mguu juu ya kigoda, fimbo mkononi. Jirani mmoja alianza tu, "Eh, yaani pale bwana harusi alipo..." fimbo ikapita karibu na sikio lake. Kuanzia hapo wakaelewa. Watu wakipita pale wanasalimia na kuharakisha, wengine wamefunga midomo kwa kiganja. Wanawake kisimani walikuwa wakizungumza harusi, wakimwona mjukuu wa mzee anakuja wanageukia bei ya mbaazi. Hata maharusi wenyewe walizuiwa. Kwa desturi walitakiwa waje haraka kusalimia, mkwe ajitambulishe rasmi akiwa sasa ni mume. Mzee akatuma ujumbe: waje pamoja na video. Kabla ya hapo, kwake yeye, harusi haijafungwa.

Niliwaahidi Jumapili inayofuata.

Nikaunganisha kisanduku changu cheusi, nikafungua programu ninayotumia kuhariri video, nikaiagiza ihamishie kila kitu humo. Kikatokea kijisanduku katikati ya kioo: "Kifaa hiki hakikubaliki na programu hii. Ukiendelea unaweza kupoteza kazi yako. Endelea au Acha?"

Nilicheka. Nikasema kwa sauti, "Wewe ndiye usiyekubalika, Myao wewe," nikabonyeza Endelea. Ningejuaje? Maneno yale yale ya Kiswahili, kijisanduku kile kile, na swali lile lile la Endelea au Acha. Nikaona mtani ameongeza ufundi, basi.

Picha zikahamia vizuri. Zilipoanza kuhamia sauti, mashine ikaganda. Kioo kikawa cheupe, kikawa cheusi, ikajizima. Nikaiwasha. Ikaniambia, "Programu imesimama ghafla. Samahani." Hapo ndipo nilipoamini kabisa kwamba ni yeye, kwa sababu samahani ya namna ile, kavu, bila hata kuniambia kosa ni nini, ndiyo samahani yake. Nikaendelea. Ikaganda. Nikawasha, nikaendelea, ikaganda. Kila nilipobonyeza Endelea nilikuwa namjibu mtani, na nilikuwa nimeapa hatanishinda. Mwanamke wa Kimwera haachi njia kwa kutishwa na kijisanduku.

Jumapili ikapita. Mke wa mzee akanipigia, anaongea chini chini akiwa nyuma ya nyumba.

"Mwanangu, mimi nitapasuka," akasema. "Nalala na harusi tumboni. Jana nimecheka peke yangu jikoni nikikumbuka yule kijana na ndiyo yake, baba yenu akaniuliza unacheka nini, nikamwambia nacheka kisamvu. Mkwe naye anapiga simu kila siku anauliza, mama, baba ananichukia? Fanya uje."

Nikaona aibu. Utani una mpaka wake. Mtu hatanii kazi ya mzee aliyevunjika mguu. Nikaamua kulipiza kwa njia ambayo mtani lazima aisikie, yaani kuteka mali. Kwetu mtani akikuzidi, unaingia kwake, unachukua kitu, unaondoka nacho, naye anakuja kukikomboa kwa maneno ya heshima. Nikapanda gari asubuhi hadi Ruangwa. Nikamkuta ameinama juu ya simu ya mteja, feni inampepea mgongoni. Sikusalimu. Nikachomoa waya wa feni, nikaiweka kwapani, nikatoka.

"Mwizi!" akapiga kelele. "Mmwera ameiba upepo! Mkamateni!"

Wateja wakatambua utani, wakanipisha njia, mmoja akanisaidia hata kukunja waya. Nikamwambia nitairudisha atakapoondoa ujinga wake kwenye mashine yangu, nikapanda gari. Njia nzima feni imekaa pembeni yangu kama abiria. Nilijisikia mshindi.

Kesho yake akaja na bodaboda, vumbi jekundu mpaka kope, mkononi kashika kuku mmoja mwembamba wa kukombolea. Alianzia kucheka barabarani. Akaingia, akapiga magoti mlangoni, akaanza hotuba: "Mimi Myao, mtumwa wa Wamwera, naja kuomba upepo wangu..." Nikamwambia amalize haraka maana kazi imesimama, nikawasha kompyuta, nikamwonyesha kijisanduku.

Akasoma. Akakisoma tena. Kuku akamponyoka na hakumfuata.

"Hii siyo yangu, dada," akasema.

Miaka yote ya kujuana kwetu hajawahi kuniita dada. Ameniita kila kitu kingine.

Akauliza programu ilikuwa inaandika wapi. Nikamwonyesha kisanduku cheusi. Akakinyanyua, akakigeuza, akasoma kikaratasi cha chini, akauliza nimekitoa wapi. Nikamwambia. Nilingoja anicheke, hakucheka, na hilo liliniuma kuliko kicheko. Akanieleza taratibu. Kisanduku kile kilitengenezwa kwa mashine kubwa za maofisini, kina namna yake ya kupokea vitu. Programu yangu haikijui. Inakipa vitu, kisanduku kinajibu kwa lugha yake, programu inachanganyikiwa na kuanguka. Ilikuwa inaniambia ukweli tangu siku ya kwanza, kwa Kiswahili safi.

"Sasa kwa nini hukusoma?" akauliza.

"Nilisoma! Nilidhani ni wewe!"

Tulitazamana, halafu ghafla wote wawili tukaanza kucheka, kicheko kile kibaya kinachokuja wakati hakitakiwi. Nilicheka huku nikijua mzee yuko barazani na fimbo yake na aliniomba kitu kimoja tu.

Tukaacha programu pembeni. Mtani akakiunganisha kisanduku kwa njia zake, akawa anavuta faili moja moja. Nikampikia. Kufikia alasiri picha zote zilikuwa zimetoka, nzima, nzuri. Sauti ikawa habari nyingine. Maandamano ya kuingia yalikuwepo, kwaya ipo, masomo yapo, mahubiri yapo nusu. Baada ya hapo hakuna kitu. Programu ilikuwa haipigi nakala, ilikuwa inahamisha: inaweka kule, inafuta huku. Ilipoanguka ikaanguka na kilichokuwa mkononi mwake, na kilichokuwa mkononi ni ndoa. Mtani akajaribu vifaa vyake vyote vya kufufulia, akaitafuta sauti hadi kwenye kinasa, ambacho nilishakifuta kupisha kazi nyingine. Ndiyo ya bibi harusi haikuwepo popote.

"Weka wimbo juu yake," akasema mwishowe. Ni jambo la kawaida katika kazi yetu, sehemu mbovu unaifunika kwa wimbo wa harusi. "Mzee ataona midomo inacheza, atafurahi."

Nikaipima. Ningesema uongo kama ningesema haikunivutia. Lakini mzee hakuomba wimbo. Nikamwambia mtani hapana, tutakwenda kumwambia, na yeye atakuja na mimi. Nikawapigia maharusi, nikawaambia Jumapili tukutane Nambambo, video ipo na ina kasoro, kasoro yake nitaieleza huko. Mkwe akaniuliza tu kama sasa ataruhusiwa kuingia.

Tulipofika uwanja ulishajaa. Runinga ya jirani imewekwa juu ya meza barazani, waya wa umeme wa jua umening'inia dirishani, mikeka imetandikwa, na kijiji kizima kimekaa kimya cha ajabu. Watu walikuwa wanaogopa hata kukohoa, isije ikaonekana wanasimulia. Bibi harusi alikaa mkekani karibu na mguu wa baba yake. Mkwe alikaa mbali, ukingoni kabisa, kanzu yake mpya imeanza kushika vumbi.

Nikamwinamia mzee sikioni kabla sijawasha.

"Baba, picha zipo zote. Sauti imekatika kwenye mahubiri, haikurudi. Ndiyo ya mwanao haipo. Nimeipoteza mimi."

Mtani wangu, Myao mwenye mdomo kuliko redio, alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu.

"Kila kitu kingine kipo?" mzee akauliza.

"Kwa picha kipo, baba. Ndiyo tu."

"Ndiyo tu," akarudia. Akavuta pumzi. "Washa."

Nikawasha. Binti akaingia kanisani akiwa ameshikwa mkono na mjomba wake, kwaya inaimba, vigelegele vinapasua. Mzee akainamia mbele hata hogo likagonga kigoda. Alimwangalia kila mtu, akawa anaguna. Yakaja masomo, padri akaanza kuhubiri, na katikati ya neno sauti ikakatika. Padri akaendelea kuchezesha mikono bila sauti. Kwenye mikeka watu wakatazamana. Nilitamani ardhi inimeze.

Mzee akainua fimbo yake juu. Wote wakajikunyata. Akaishusha polepole, akailaza chini.

"Haya," akasema. "Semeni."

Hakuna aliyethubutu. Akarudia kwa ukali, "Nimesema semeni! Mlikuwepo au hamkuwepo?"

Mkewe ndiye aliyepasuka kwanza. "Hapo padri anasema mke si ngoma ya kupigwa!" akapiga kelele, na baada yake ikawa mafuriko. Watu wote waliokaa na harusi vifuani wakaifungulia kwa pamoja. Wanakwaya wakasimama na kuimba ule wimbo pale pale walipokuwa, wakifuata midomo yao wenyewe kwenye kioo. Mzee mmoja akafanya sauti ya padri, vibaya sana, watu wakaanguka kwa kicheko. Bwana harusi alipotokea, mikeka mizima ikamgeukia. Akasimama kule ukingoni, jasho linamtoka, akaitikia "ndiyo" kabla hajaulizwa, vile vile alivyofanya kanisani, na mzee akacheka hata akashika mbavu. Nilimsikia akisema, "Huyu ana haraka huyu."

Halafu uso wa binti ukajaa kioo. Padri anamuuliza kimya kimya. Nikabonyeza, picha ikasimama, na uwanja wote ukanyamaza.

Binti alikuwa ameshapiga magoti mkekani, mikono yake juu ya lile hogo. Hakutazama kioo. Alimtazama baba yake machoni. Halafu akaitoa, sauti yote, ile ile ya darasani, "Ndiyo!" hata kuku wakatimka kutoka chini ya ghala.

Mzee hakucheka. Uso ulimcheza, akauficha kwa kofia yake, mabega yakaanza kutikisika, na mkewe akamshika mkono. Na mimi nililia pale niliposimama, mchana kweupe, na mtani wangu analia pembeni yangu na hakuna aliyemtania mwenzake.

Mzee akaondoa kofia. "Haya," akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Sasa nimemwozesha. Yule mwenye haraka yuko wapi?"

Watu wakampisha mkwe katikati ya mikeka. Akaja ameinama, akapiga magoti karibu na mkewe, akasema, "Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu," mzee akamwitikia. "Umechelewa."